Majaketi ya Mashua ya Bwana

Niliambiwa, nikaamini kuliko mahubiri ya Jumapili, kwamba mkaguzi wa mashua za wazungu pale ziwani Naivasha hupima usalama kwa kumtupa majini mfanyakazi mmoja mweusi. Akielea, mashua inapata cheti. Akizama, mashua inanyimwa na ziwa linabaki naye. Tena ziwa lenyewe halina chini: mtu huendelea kushuka tu mpaka atokee kwenye ziwa la Magadi akiwa ameshageuka chumvi.

Aliyeniambia ni nyapara wa mashua, mtu wa Nyanza mwenye shingo nene kama gogo la mwerezi. Alinichukia tangu siku bwana, mzungu mwenye shamba na mashua, aliponitoa shambani Gilgil akanileta ziwani kuvuta kamba za tanga. Kosa langu lilikuwa kusoma. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku Nakuru, na kila kilichoandikwa nilikisoma kwa sauti, hata gunia la mbolea.

"Yule wa kabla yako alitupwa," alisema, akipaka mlingoti vanishi bila kunitazama. "Alikuwa mnene kama wewe. Hatukumwona tena."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu ni zamu ya msomi. Utawaandikia samaki barua."

Kukimbia hakukuwezekana. Miaka ile ya Hali ya Hatari, mtu asiye na karatasi ya mwajiri alipakiwa kwenye lori la kumrudisha rizavu, eneo walilotengewa weusi, kabla hajamaliza kujieleza. Basi nikawa kati ya lori na ziwa, na kuogelea sikujua. Mimi nilikuwa nazama hata kwenye karai.

Bwana naye siku zile hakusogeleka. Mashua yake ilikuwa imekataliwa mwaka uliotangulia, na jirani yake alimcheka mbele ya wake zao. Akikuta fundo limelegea alilikata kwa kisu, kisha akatukaripia kwa nini kamba ni fupi. Tulisugua sitaha kwa mchanga, tukapaka rangi ndoo za kuzimia moto, tukapandisha tanga na kulishusha mpaka viganja vikawa nyama mbichi.

"Upesi wewe, kichwa ya mbuzi," bwana alituambia.

Nyapara alitutafsiria tusi hilo kwa Kiswahili kizuri zaidi, akaongeza la kwake.

Tuliotukanwa tulikuwa wawili, mimi na mtu mmoja wa Kabazi. Yeye naye aliamini kwamba mmoja wetu lazima atupwe. Ndipo tukaanza kuyachunguza majaketi ya kuelea yaliyotundikwa stoo. Nilifumua mshono wa moja, nikachomoa kitu cheupe, laini.

"Pamba," nikasema.

"Pamba ikilowa ni nzito kuliko maiti," akasema mtu wa Kabazi. "Hawa wanataka kutumaliza."

Nilijua ni kweli. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alitufundisha jinsi pamba inavyokunywa maji. Na pale ziwani mafunjo makavu yalikuwa yakielea mchana kutwa. Niliona kisiwa kizima cha mafunjo kikipita na kiboko amelala juu yake kama mwenye nyumba. Kama yanambeba kiboko, mimi ni nani? Tukatoa ile pamba yote, tukakatakata mafunjo, tukajaza majaketi mpaka yakasimama yenyewe, tukashona kwa sindano ya magunia. Mtu wa Kabazi akatengeneza mto kwa pamba ile, akawa analala kama gavana.

Mkaguzi alikuja, mzungu mkavu asiyemsalimu bwana zaidi ya ilivyolazimu. Alitikisa mlingoti. Alinusa taa. Mwishowe akasema, "Leta jaketi moja."

Nilikuwa nimeshalivaa. Nilikuwa nimevua viatu, nimewaombea mama yangu na ndugu zangu, na nyapara nimemwombea kidogo.

"Vua," akasema.

Akalifunga kwenye gunia la mchanga kwa kamba ndefu, nyapara akalibeba gunia, akalitupa. Likaelea kama bata. Mkaguzi akawasha kiko, akaenda kupima kamba. Aliporudi, ilibaki pembe moja tu ya jaketi juu ya maji, kisha nayo ikaaga.

Walilivuta kwa kamba yake, mkaguzi akalipasua. Mafunjo yalimwagika kama uji.

"Iko wapi sufi?" akauliza. "Ile nyeupe. Ile hapana kunywa maji. Hii nakunywa."

Mtu wa Kabazi akatazama kule alikoweka mto wake. Cheti hakikutoka. Bwana aligeuka rangi ya nyanya, akampokonya nyapara ufunguo wa stoo, na mimi na mtu wa Kabazi akaturudisha Gilgil kuchuma maua ya pareto, akiapa kwamba akiona nyuso zetu ziwani tena ataita polisi.

Nyapara ndiye aliyetusindikiza hadi barabarani kungoja lori la shamba. Mimi moyo ulikuwa mweupe, nikamwambia, "Lakini nimepona. Yule mzungu alinihurumia, akatupa gunia badala yangu."

Kwa mara ya kwanza nyapara alinitazama usoni.

"Huruma gani, wewe mpumbavu? Kila mwaka ni gunia la mchanga. Hajawahi kutupa mtu. Yule wa kabla yako alichoka na matusi akaacha kazi. Yuko kule Bahati, anachoma makaa."