Fundi Wa Boti Akagua Gari La Mbao Kalundu

Siku historia ya usafiri duniani itakapoandikwa upya, asubuhi hii ya Kalundu itapewa sura yake peke yake. Kwa sasa ni saa moja, na mhusika mkuu wa historia hiyo amelala chali matopeni chini ya gari. Inaonekana miguu yake tu, na kuku wa jirani anadonoa kamba za kiatu.

Miguu ni ya Habonimana, fundi wa boti za mbao. Gari ni la Mzee Halidi, mfanyabiashara mstaafu: gari la zamani ambalo mabati yake ya nyuma yameshikwa na fremu ya mbao tupu. Mama Furaha, muuza vitenge wa Mulongwe, anataka kulinunua abebe maharusi. Tayari amemwahidi bibi harusi wa kwanza, binti Uwamahoro.

“Rangi usiiangalie, mama,” sauti inatoka chini. “Hata mimi nikipakwa rangi, naweza kuoa tena.”

“Nani atakutaka weye na hayo matope?” anajibu Furaha.

Fundi anatoka, anainua mlango kwa mikono miwili. Mlango ukishuka, anaeleza, nguzo inayoshika bawaba huwa imechoka. Ananusa zulia la sakafuni. Harufu ya unyevu inamkunjisha uso. Kisha anadunga chini ya mlango kwa bisibisi, pale maji yanapokaa. Bisibisi inazama kama kwenye ugali.

Anachokonoa. Inatoka pamba nyeusi inayonuka mawese.

Habonimana anaigeuzageuza kiganjani.

“Hii pamba iko yangu,” anasema.

Mzee Halidi anakumbuka. Miaka mingi iliyopita mvua ilikuwa ikiingia garini, naye akamwita fundi bora wa Kalundu. Habonimana aliziba kila tundu kwa pamba na mawese, kama anavyoziba boti. Aliziba hata vitundu vya chini ya milango.

“Boti tunazuia maji isiingie,” anasema. “Gari, maji inaingiaka tu. Inaomba njia ya kutoka. Miye niliifungia ndani.”

“Na uliniapia kwamba gari itaelea!” anafoka Halidi.

“Ingeelea, Mzee.”

Furaha hacheki. “Niambie kweli. Bibi harusi wangu ataanguka barabarani?”

Fundi anajibu bila kuzunguka. Vizingiti, zile mbao za chini ya milango, vimekufa, na atavibadilisha kwa mbao zake mwenyewe, kwa sababu kosa ni lake. Nguzo ya nyuma ndiyo itakayoamua. Ikiwa imeoza, Furaha arudi nyumbani. Mti mzima ukigongwa hujibu “ko”. Uliooza husema “pu”.

Mwandishi wa habari hizi, kwa ajili ya uchunguzi wa kina, ameingia kukaa kiti cha nyuma.

Fundi anagonga. Ko. Anagonga tena. Ko. Furaha anaanza kutabasamu. Fundi anaondoa mkono wake, anaukunja kifuani.

Ko.

Mlango unafunguliwa. “Toka,” anasema Habonimana. “Na kijiko chako.”

Wasomaji wapendwa, nakiri. Sikutumwa na gazeti lolote. Mimi ni mjukuu wa Halidi, niko likizo kutoka shule ya bweni, na Babu aliahidi kuninunulia baiskeli gari likiuzwa.

“Mimi sikumtuma!” Babu anaapa. Furaha tayari ameshika mkoba wake aondoke.

“Ngoja, mama,” fundi anamsihi. Ananiamuru nikalie mikono yangu, anatia bisibisi kwenye nguzo na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Haiingii. Anampa Furaha asukume mwenyewe. Furaha anasukuma mpaka anatokwa na jasho.

Nguzo ilikuwa nzima. Nilidanganya bure.

Furaha amekubali kulinunua gari, vizingiti vikishabadilishwa. Habonimana anaomba mvua siku ya harusi, ayaone maji yakitoka chini ya milango. Mimi nimepewa kazi ya kuchokonoa pamba yote kwenye vitundu, kwa kijiko kile kile. Ninayaandika haya nikiwa chali matopeni.