Baba Hakugonga Mlango

Nyinyi wajukuu zangu, na nyinyi marafiki zao mtakaoletewa maneno haya kwenye simu, someni mpaka mwisho. Msiruke katikati kutafuta picha. Picha hamna.

Nnaandika kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Tulikwenda Mutrah, hapa Maskati, kupunga upepo, tukakuta manowari ya kigeni imefunga bandarini, rangi ya kijivu, ndefu kama mtaa mzima. Haitham, mtoto wa mwanangu, akaniuliza, "Bibi, si mnasema baba yako alikuwa kwenye manowari wakati wa vita? Alipiga mizinga mingapi?"

"Hakupiga hata mmoja," nikamwambia. "Alikuwa anaoka mikate."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mikate! Na mimi nimeshawaambia wenzangu skuli kuwa alitungua ndege!"

Sikumsema pale, watu walikuwa wengi. Lakini nilirudi nyumbani Darsait na jambo moyoni, maana kicheko kile nnakijua. Nilikicheka mimi kabla yake, na kidogo kimtoe baba yangu kwenye kazi yake. Skuli sikusoma sana, nilifika darasa la nne tu na chuo cha Kurani. Basi mkiona nimekosea kuandika, nyamazeni, mfuate maana.

Baba alikuwa akioka mikate ya boflo, Ng'ambo, Unguja. Vita vikubwa vilipokuwa vimepamba moto alivuka kwenda Mombasa kutafuta kazi, akachukuliwa kwenye manowari kubwa iliyokuwa ikitia nanga Kilindini. Akakaa humo miaka miwili, katika chumba cha kuokea mikate, yeye na wenzake wanne chini ya mpishi mmoja wa Kizungu. Aliporudi akajenga tanuri uani kwetu, akaoa, nikazaliwa mimi. Mtaani walimwita Manowari, naye akiitika.

Hadithi za melini alizotuhadithia zilikuwa za kuchekesha tupu. Bahari ilichafuka, viazi vikamwagika, mabaharia ishirini wakavifukuza huku na huku kama wanafukuza kuku. Mpishi mkubwa alipiga chafya akatumbukiza miwani kwenye unga, ikaja kutoka kwenye mkate wa ofisa. Tukicheka, naye akicheka. Tukadhani vita ndivyo vilivyo.

Ila alikuwa na jambo moja. Hafungi mlango. Chumbani kwake mlango wazi, msalani katundika pazia. Na ghala ya unga, kile kichumba cha nyuma kisichokuwa na dirisha, ina mlango mzito na komeo kwa nje, basi kila akitaka kuingia kwanza auegemeze gunia la chumvi, autikise mara mbili ahakikishe hautojifunga, ndipo aingie. Watu wakija kununua mkate wakimtania, "Manowari, unaogopa unga utakuuma?" Yeye hutabasamu tu. Mimi nikiona haya. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mtoto wa umri ule anataka baba yake afanane na baba za wenzake.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, nayo mpaka leo nikiikumbuka shingo yangu huinama. Nasra, binti wa ami yangu, alikuja kunichukua twende nyumba ya jirani kumtizama bibi harusi anavyotiwa hina. Tukapita uani tukamkuta Baba yumo ghalani anapanga magunia. Nasra akanibana mbavu.

"Mfungie. Tumsikie atakavyopiga kelele."

"Atanipiga."

"Baba yako? Yule hata kuku hajampiga. Hebu, leo manowari izame!"

Tukalisogeza lile gunia sote wawili, kimya kimya, tukausukuma mlango, nikateremsha komeo. Mimi. Mkono ulikuwa wangu, si wa Nasra.

Tukasimama tumeziba midomo, tunangoja agonge, aite, atukane hata. Kimya. Tukangoja tena. Hakuna hata mkwaruzo. Nasra akasema, "Huyu katoka zamani, tumefungia unga." Nami nikaamini, maana ni mtu gani atafungiwa gizani asigonge mlango? Tukaenda zetu kwenye hina. Kulikuwa na ngoma, kulikuwa na halua, na mimi nikamsahau baba yangu.

Adhuhuri imeshaswaliwa ndipo Shangazi Zuwena, dada mkubwa wa Baba, aliyekaa nasi, akaja mlangoni pa jirani akaniita kwa jina langu lote.

"Watu wanataka boflo. Tanuri baridi. Baba yako yuko wapi?"

Nilikimbia, wallahi, kanga ikaniponyoka njiani sikurudi kuiokota. Nikalinyanyua komeo.

Baba alikuwa kasimama wima katikati ya ghala, mikono ubavuni, miguu pamoja. Shati limeroa kama aliyetoka mvuani. Midomo inacheza, anasoma dua. Mwangaza ulipomfikia hakuniona mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tayari? Wote wamepanda?"

Akatoka, akanipita, akaenda kukaa kando ya kisima. Mama akampa maji, akashindwa kulishika bakuli. Mikono ile iliyokuwa ikikanda unga wa mtaa mzima, haikuweza kushika bakuli la maji.

Kesho yake hakuingia ghalani. Kesho kutwa hakuingia. Alifika mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Wiki ya kwanza ikapita, wateja wakazoea kwenda kwengine, na uani kwetu hakukuwa tena na harufu ya mkate, kukawa kunanuka majivu. Mama akalia kwa siri jikoni. Nikajua nimemuua baba yangu akiwa hai. Asiporudi kwenye tanuri lile, basi ni mimi niliyemtoa.

Nikaenda kwa Shangazi nikamwambia yote. Nilitaraji bakora. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Kwa nini baba yako hafungi milango?"

"Sijui, Shangazi."

"Umewahi kumuuliza?"

"Hapana."

"Umeishi naye miaka kumi na moja. Umemcheka kila siku. Na suali moja, moja tu, hujamuuliza." Akapeperusha ungo. "Basi kuanzia kesho, ukitoka chuoni, utakaa kwenye kizingiti cha ghala, mgongo kwenye ubao wa mlango. Baba yako akiwa ndani huondoki. Ukitaka kwenda msalani unaniita mimi nishike mahali pako. Na kinywa unacho. Kitumie kwa kuuliza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka aseme yeye."

Siku ya kwanza nilikaa, na Baba akaja akanitizama. Shangazi akamwambia kutoka jikoni, "Mwanao anashika mlango, ndugu yangu." Akatia mguu mmoja, akachota unga kidogo uliokuwa karibu, akatoka haraka. Siku ya tatu akatia miguu yote miwili. Siku ya nne ndipo nilipouliza.

"Baba, kwani kule melini kulikuwa na nini?"

Akaendelea kuchota, akanieleza huku kanipa mgongo. Wanangu, hakunieleza siku moja. Kila siku alinipa kipande, kiasi cha kujaza beseni la unga.

Kwenye manowari, alisema, kila mtu ana kazi mbili. Moja ya siku za salama, nyengine ya king'ora. Siku za salama yeye anaoka. King'ora kikilia anaacha unga kama ulivyo, anateremka ngazi tatu mpaka chini kabisa, kwenye ghala ya baruti, kupokezana na wenzake mifuko ya baruti inayopandishwa kwenye mizinga. Chumba hakina dirisha. Magunia ukutani, vumbi hewani. "Kama hiki," akaniambia, akagonga gunia kwa kidole.

Na mlango wa chuma juu yao unafungwa kwa nje. Ni lazima ufungwe, maana cheche moja ikiingia humo meli yote inapasuka. Na waliomo ndani wameamrishwa wasigonge kamwe. Akigonga mmoja, wa juu atashindwa kusikia amri inayokuja kwenye bomba la kusemea. Kwa hiyo unasimama, unafanya kazi, unangoja. Hata uwe umekatika pumzi, hugongi.

Aliyekuwa akifunga mlango ule alikuwa rafiki yake, mtu wa Mombasa, jina lake Athumani, aliyekula naye sahani moja. Na kazi ya Athumani, moto ukitokea ghalani, ilikuwa ni kufungua maji ya bahari yawaingilie wenziwe, meli ipone.

"Ulikuwa unaogopa, Baba?"

Akafikiri. "Nikimuogopea Athumani. Mimi ningekufa tu, mara moja. Yeye angebaki na mkono wake."

Nikautizama mkono wangu.

Mizinga mikubwa ilipigwa mara mbili tu yeye akiwemo. Mara zote mbili hakuona adui, hakuona bahari, hakuona hata moshi. Alikisikia chuma kikilia juu ya kichwa chake kama kuna mtu anaburuta nyumba. Kisha kimya, kisha komeo, kisha uso wa Athumani na suali lile lile, "Tayari? Wote wamepanda?" Wakipanda wanahesabiana. Halafu yeye anarudi kwenye unga wake anaukuta umefura umemwagika, umechacha. Anauoka hivyo hivyo. Mabaharia wakiuonja mkate mchachu wakipiga meza na kushangilia, Wazungu kwa weusi, kwa sababu mkate ule ukiliwa maana yake mwoka mikate kapanda salama, na wao wamepona.

"Mkate mtamu kuliko ule sijala," aliniambia. Na mimi namuamini.

Hivyo ndivyo nilivyokaa, siku arubaini na ushei. Unga ukarudi kwenye beseni, moto ukarudi kwenye tanuri, wateja wakarudi mmoja mmoja na utani wao. Mmoja akasema, "Manowari, umeajiri bawabu?" Baba akamjibu, "Tena namlisha boflo, ghali huyu!"

Siku ya mwisho aliniambia, "Inuka, kacheze."

"Shangazi kasema mpaka useme wewe."

"Ndiyo nasema. Aliyenifungia ndiye aliyekaa hapa siku zote hizi. Mlinzi wangu nimeshamjua."

Kumbe alijua tangu siku ile ile, na hakuniambia. Nikaangua kilio. Akanishika mabega akaniondosha kizingitini, akaingia ndani, akauvuta mlango mwenyewe. "Teremsha komeo," akasema kutoka ndani. Nikakataa. "Teremsha, mwanangu." Nikateremsha. Nikahesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu, nne.

Baba akagonga. Akagonga kwa ngumi, kwa nguvu, uani kote kukasikia. "Nyie huko juu! Mnanisahau?"

Nikafungua. Akatoka anacheka, unga mpaka kwenye nyusi, machozi yamechora mistari miwili usoni. Shangazi alisimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, akajifanya moshi umemuingia machoni.

Alhamdulillahi, niliruzukiwa shangazi ambaye hakunipiga. Angenipiga ningelia, ningesahau, na baba yangu angekufa mgeni kwangu. Nnamshukuru na Baba kwa kunipa kipande kipande, kiasi nilichoweza kubeba. Tulipohamia Maskati alikuja nasi, akaishi na kuwaona watoto wangu wote, akafia kitandani kwake mchana, watu wamejaa, mlango wazi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Wote tumepanda, Baba." Sijui kama alisikia. Mimi nilijisikia.

Basi mwanangu unayesoma, nasaha yangu ni hii, wala sitoizungusha. Mkubwa wako akiwa na tabia usiyoielewa, usimcheke, wala usimsifu kwa jambo asilolifanya. Kaa karibu naye, ushike kazi ndogo ya mikono, umuulize. Akinyamaza leo, kesho kaa tena. Na ukishaambiwa, usiongeze ndege wala mizinga. Aliyeoka mikate alioka mikate, na wapo waliokula wakapona. Na ukimuumiza mtu, usikimbilie kuomba msamaha kwa mdomo ukaondoka. Kaa pale pale ulipomuumizia mpaka aweze kupita tena.

Mwenyezi Mungu akupeni wazee wa kuwauliza kabla hawajaondoka. Akupeni subira ya kusikiliza. Akufungulieni kila palipofungwa, na asikuonesheni siku ambayo mkono wenu utakuwa ndio uliomfungia mwenzenu. Amin.

Na nyumbani kwangu sikungoja karatasi hii ifike mwisho. Jana baada ya chakula niliwaita wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo. Tunaye Zaituni, msichana wa Tanga anayetusaidia kazi, na mkwe wangu alikuwa na mazoea ya kuuweka ufunguo wa chumba cha Zaituni kwenye mkoba wake, na siku nyengine tukitoka humfungia kwa nje. Si kwa ubaya, kwa woga asije akatoka peke yake watu wakasema. Nami nilikuwa nikiona, nikinyamaza, Mungu anisamehe. Nikautaka ufunguo, nikamtia Zaituni mkononi mbele yao, nikasema: "Kuanzia leo mlango huu unafungwa na Zaituni, unafunguliwa na Zaituni. Anayetaka kuingia agonge, asubiri aitikiwe. Hata mimi."