Faiba Katika Chumba cha Eda

Nilisikia mashine ya kutoboa kabla sijafumbua macho. Ilikuwa ikila ukuta wa jirani, na katika mji wa kale wa Malindi, ambako nyumba zimeegemeana bega kwa bega, ukuta wa jirani ni ukuta wako pia. Kitanda kilitetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na vumbi la mawe ya matumbawe likanishukia usoni laini kama poda. Nikakaa kitako. Kila siku nyumba moja, na kila nyumba ilikuwa imetusogelea zaidi.

Faiba, ile intaneti mpya ya kasi, ilikuwa imefika mtaani. Kebo ya zamani, ile nyeusi iliyopita juu ya mapaa na kuning'inia vichochoroni pamoja na kamba za nguo, ilikuwa izimwe mwisho wa mwezi. Kampuni ilituma ujumbe mara tatu: mteja ahamie faiba, au abaki gizani. Hawakuandika "gizani", lakini ndivyo nilivyosoma mimi.

Mtaa mzima ulihama. Sisi tulikwama, kwa sababu kisanduku chetu cha intaneti kilikuwa chumbani kwa shangazi, na shangazi alikuwa katika eda.

Nilihamia kwake siku alipozikwa mumewe, na begi moja na riwaya yangu isiyokwisha kuandikwa, nimwangalie hadi miezi minne na siku kumi zitimie. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Alikaa ndani na nguo zake nyeupe, hana wanja, hana udi, akisuka ukili wa mikeka tangu asubuhi mpaka macho yachoke. Kilichomtoa kwenye ukili kilikuwa kimoja tu. Baada ya sala ya alasiri, binti yake wa pekee alimpigia kutoka Maskati, akainamisha simu amwonyeshe tumbo. Ilikuwa mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Katika ukoo wetu hakuna mtoto aliyezaliwa shangazi asiwepo mlangoni. Huyu, mjukuu wake mwenyewe, alikuwa amwone kwa simu, na binti alikuwa ameapa kwamba atamwonyesha kabla hajafungwa hata kanga.

Simu hiyo haikuwezekana bila kisanduku, tena mle mle chumbani, ambamo shangazi alishinda na kulala. Kuta zetu ni nene kuliko urefu wa mkono wangu. Mtandao wa simu hauzipenyi. Ukitaka bando ishike, upande darini, kule juu tunakoanika nguo, na madirisha ya hoteli yanatazama pale moja kwa moja. Mjane wa eda hapandi huko.

"Basi mwache fundi aingie," nilimwambia. "Wewe utakaa stoo, nyuma ya pazia. Nimemuuliza mwalimu wa madrasa, amesema hakuna makosa."

"Najua hakuna makosa," akasema, macho kwenye ukili. "Nimekwambia ni haramu? Nimekwambia sitaki."

"Kwa nini, shangazi?"

Akakaza msuko. "Mwanamume wa mwisho kutoka chumba hiki ni yeye. Alitoka na waliombeba, na baada yao hajaingia mwanamume. Nataka abaki wa mwisho mpaka eda yangu iishe. Si mengi hayo, mwanangu."

Nikautazama mlango. Ni mlango mzito wa mabawa mawili, na tangu jeneza lilipopitishwa mabawa yote mawili yalikuwa yamebaki wazi, yameegemea ukuta, pazia likining'inia katikati. Siku moja ya upepo niliwahi kusukuma bawa moja. Shangazi aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Sikuugusa tena.

Siku zile sikutulia. Nikikaa kuandika, mashine inaanza nyumba ya pili, nikiinuka, inanyamaza. Nilipanda darini kutafuta mtandao, nikashuka, nikapanda tena nikiwa nimesahau nilichofuata. Jirani, bibi mmoja ambaye dirisha lake linatazama ngazi yetu, alinihesabia safari.

"We binti! Mbona unapanda unashuka kama paka mwenye watoto? Hamjahama tu?"

"Bado, bibi."

"Haya, ngojeni. Mtapelekeana salamu kwa njiwa!"

Fundi alipopiga hodi, zikiwa zimebaki siku mbili kebo izimwe, nilimkaribisha barazani nikamweleza yote. Alikuwa mtu wa makamo kutoka upande wa Gede, mwenye mkanda wa vifaa kiunoni na ngazi begani. Aliposikia neno eda alivua kofia yake ngumu.

"Makiwa."

"Tunayo."

Akaenda uchochoroni, akalitazama tundu ambamo kebo ya zamani iliingilia. Mume wa shangazi ndiye aliyelitoboa, kwa mikono yake, wiki nzima.

"Sihitaji kuingia," akasema fundi. "Nitaifunga faiba kwenye ncha ya kebo huku nje, wewe utavuta kebo huko ndani. Kebo ikitoka, faiba inaifuata. Kichwa chake kimeshatiwa tayari, wewe ni kuchomeka tu."

Nilipompelekea habari hiyo, shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Aliweka ukili chini, akajifunga kanga kiunoni.

Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Tulijua, kwa sababu kebo ilikuwa hai bado. Alimwambia shangazi, "Usiogope, mama, ni mwanzo tu." Kisha fundi akaikata huko nje, taa za kisanduku zikazimika, nasi tukaanza kuvuta. Mimi nilishika kebo, shangazi alinishika mimi.

"Polepole!" sauti ya fundi ikaingia tunduni. "Mnavuta ndoo ya kisima?"

Shangazi hakutaka sauti yake isikike nje. Akaninong'oneza, "Mwambie kisima kimekauka." Nikashindwa kuvuta kwa kicheko.

Kebo ikatoka, nyeusi, na vumbi la miaka. Nyuma yake ukaja uzi mweupe mwembamba, mwepesi hata ukaona haya kuuita waya.

"Ndani yake ni kioo," akasema fundi. "Chembamba kama unywele. Usiukunje, usiufunge fundo. Uuzungushe mduara mpana kama sinia. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia mimi. Shangazi alikuwa ameinama pembeni akifuta vumbi la kebo iliyotoka. Na mimi, badala ya kufanya nilichoambiwa, nilikuwa nikiiwazia simu yangu mfukoni, ambayo mle chumbani sasa ilikuwa kama kipande cha bati. Nikamtia uzi mkononi. "Shika hapa, narudi sasa hivi."

Darini ujumbe ulikuwa unaningoja. *Tumefika hospitali. Mwambie mama awe tayari.* Ningeshuka hapo hapo. Nikajibu, nikangoja jibu, nikasimama kuzitazama kebo zilizokatwa zikining'inia toka paa hadi paa, nikangoja tena. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiwa juu nataka chini, nikiwa chini nataka juu, na popote nilipo kuna jambo linanipita.

Niliporudi, shangazi alikuwa amemaliza kazi. Urefu wote uliozidi alikuwa ameukunja kama anavyokunja ukili wake: shibiri kwa shibiri, bapa, kila kona ameikandamiza kwa ukucha wa gumba ilale vizuri. Katikati ameufunga fundo, na fungu zima amelitundika msumarini. Lilikuwa fungu zuri sana.

"Nimekutengenezea," akasema.

Nikachomeka. Taa ikawaka nyekundu, nikamwambia fundi kupitia tunduni.

"Mmeukunja?" akauliza fundi kutoka nje.

Nikamweleza.

"Kwa ukucha?"

"Kwa ukucha."

"Lo." Akavuta pumzi. "Umevunjika huko ndani, na sijui mara ngapi. Sharti nikate, nitie kichwa kipya, na kazi hiyo siwezi kumfundisha mtu kupitia tunduni. Ile ya zamani nimeshaikata, hairudi. Na mimi nina nyumba nyingine zinaningoja. Nikiondoka sasa, ni wiki ijayo. Zungumzeni."

Nilipiga magoti mbele ya shangazi nikamwambia yote mawili, la waya na la hospitali. "Kosa langu," nikasema. "Niliambiwa mimi usikunjwe. Nikakuachia nikakimbia."

Hakunigombeza. Alikitazama kidole gumba chake, akakisugua kwenye kanga. Kisha akakitazama chumba: kitanda, saa ya ukutani, kofia ya mumewe kwenye msumari wake. Alikaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu, na kwa mara ya kwanza siku hizo sikuinuka.

"Mwambie aingie," akasema mwishowe. "Mwambie avue viatu."

Akaingia stoo, kile chumba kidogo nyuma ya kitanda, akateremsha pazia.

Fundi aliingia bila viatu, na hakutazama kulia wala kushoto. Alipiga magoti ukutani, akakata fungu la shangazi taratibu, akaufuta uzi kwa pamba, akatia kichwa kipya. Taa nyekundu ikapepesa, ikazimika, ikawa kijani. Simu yangu ikaanza kutetemeka kiganjani, ujumbe juu ya ujumbe.

"Imeshika?" Sauti ya shangazi ilitoka nyuma ya pazia, wazi kabisa.

Fundi akainamisha kichwa kama aliye mbele yake. "Imeshika, mama. Makiwa."

"Tunayo, mwanangu. Ahsante."

Nikamkimbilia stoo na simu. Picha ikaja vipande vipande: dari nyeupe, mkono wa mtu, kisha uso wa binti yake umelowa jasho.

"Mama? Uko wapi, mbona giza?"

"Nipo," akasema shangazi, ameishika simu kwa mikono miwili. "Nipo, mama yangu. Vuta pumzi."

Nyuma ya pazia vifaa vilikuwa vikirudishwa mkandani, kimoja kimoja. Fundi alikuwa mtu wa adabu. Chumbani kwa watu kuna mwanamke na jambo lake, naye alitaka kuwaachia faragha. Tulisikia pazia la mlangoni likisogezwa, kisha mlio mrefu wa bawa la kwanza likiachana na ukuta.

Nikaruka kwenda kumzuia. Shangazi akanidaka mkono, macho hayajatoka kwenye uso wa mwanawe. Bawa la pili likalifuata la kwanza, na mlango ukafungika.