Oili Chafu Kwenye Mti wa Paka

Kochi la mke wangu ndilo lililoanzisha yote. Paka wake alilichana mpaka sponji ikachungulia nje, na mke wangu wala hakumgusa. Ningelichana mie, ningelala nje. Akasema tu, "Baba, si fundi wewe? Mtengenezee basi naye pa kukwarulia."

Fundi kweli, shule sina. Mbao nilifundishwa na marehemu baba kule kusini, mchonga vinyago, mkali huyo, ukiharibu gogo unalala na njaa. Ila hayo tuyaache. Nikachukua mrunda, mti wa kushikilia zege uliobaki tulipojenga, nikaupigilia vibao vya kupandia, nikauzungushia kamba ya katani.

Sasa huku Goba mchwa hawana simile. Kila boriti, kila fremu ya mlango, naipakaga oili chafu, ile wanayoimwaga gereji. Basi na mti wa paka nikaupaka wote, kamba na vibao. Mkono ulienda wenyewe.

Paka akaupenda. Akikwarua, anapanda juu kabisa, anakaa kulamba miguu, kidole kimoja kimoja. Mie nacheka, "Tazama anavyojipenda!"

Hazikupita siku nyingi akaacha kula. Akawa anatapika, kajikunyata chini ya kochi. Mke wangu akaenda moja kwa moja uani kwa jirani, maana paka alishamwibia dagaa na jirani akaapa kumtia adabu.

"Shoga, umempa nini paka wangu?"

"Nimpe nini tena? Dagaa wangu kala bila kukaribishwa!"

"Umemtegea sumu!"

"Mie? Mungu ananiona! Kamuulize mumeo huyo, kakaa kimya kama bwana harusi."

Nilikuwa barazani. Mikono bado inanuka gereji. Nikainusa, nikajua. Na nilivyojua, nikanyamaza. Wakatukanana mpaka mtaa ukatoka kutazama, nami nafutia mikono kwenye suruali. Asubuhi vitumbua alivyozoea kutuletea jirani havikuja. Tukanywa chai kavu.

Tukampeleka mgonjwa kwa daktari wa mifugo, katoni nimeibeba mie. Daktari akauliza, "Mama, kuna rangi au mafuta yoyote amelamba?"

"Kwangu hakuna. Ni jirani huyo!"

Paka akanitazama kutoka kwenye katoni. Nikasema, "Ni mie. Oili chafu." Tulipofika nyumbani mke wangu akaonyesha kwa kidole uani kwa jirani.

Nikaenda, nikaeleza kwa sauti ya chini.

"Shemeji," jirani akasema, "mie nilitukanwa mtaa mzima unasikia. Wewe unaninong'oneza?"

Nikarudia kwa sauti. Watoto waliokuwa bombani wakageuka. Mama muuza mkaa akazima redio. Nikarudia tena, mzee mzima, na mvi zangu.

Paka alipona, mti hausogelei tena, na kochi sasa ni lake. Nilitaka kuuchoma ule mti, mke wangu akakataa. "Uache hapohapo uani, uwe unautazama."

Upo. Mchwa hawajaugusa.