Rangi za Jiko Langu Kachagua Mwingine

Admin, tafadhali nifichie jina, maana wafanyakazi wa mume wangu wote wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi hapa Dar. Mume wangu ana karakana ya makabati ya jikoni mtaa wa Gerezani, na ukiulizia fundi wa majiko Kariakoo, wengi watakutajia yeye. Si mume mbaya. Hanipigi, halali nje. Ndiyo maana hata dada yangu haelewi ninalia nini.

Tulikutana miaka ile biashara zimefunguliwa, maduka yamefurika vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Wenye nacho wakaanza kujenga, wanataka majiko ya kisasa. Yeye alikuwa kati ya watu wa mwanzo kuchora jiko kwenye kompyuta. Unachora mistari, kisha kila sehemu unaivalisha: hapa mbao, hapa jiwe, ukutani rangi, mpaka mteja analiona jiko lake kama limepigwa picha.

Siku moja, tukiwa bado wachumba, akanionyesha mchoro kwa majivuno. "Makabati ya mninga hayo." Nikacheka. Yalikuwa ya kijani, kijani cha maji ya dimbwi! Nilidhani ananitania, ila nikaona jasho linamtoka. Akafunga mlango, akaniambia jambo ambalo hata mama yake mzazi hakulijua: macho yake hayatofautishi nyekundu, kijani na kahawia. "Ukiniacha nitakuelewa," alisema. "Ukibaki, uwe macho yangu."

Nikabaki. Tangu hapo yeye akachora, mimi nikavalisha. Wateja wakija, nakaa pembeni kama mtu wa chai. Wakiondoka, navuta kiti, tunahangaika na ile kahawia mpaka ikubaliane na jiwe. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alimwambia mbele yangu, "Bwana, wewe una jicho la rangi!" Tulipobaki wawili tulicheka mpaka machozi. Sikutaka sifa. Ile siri ndiyo ilikuwa ndoa yangu.

Mwaka jana akaajiri binti mmoja msomi. Ana adabu, "shikamoo mama" haikauki mdomoni, na programu za siku hizi anazijua kuliko sisi. Mume wangu akaniambia nipumzike nyumbani, mgongo unanisumbua. Nikaona ananihurumia.

Kuna siku nikawapelekea chakula. Nikiwa mlangoni nikamsikia mume wangu anamwambia yule binti huku anacheka, "Mimi rangi sizioni, mwanangu. Wewe ndiyo macho yangu." Binti akacheka. Mafundi nao wakacheka. Kumbe wote wanajua! Siri niliyoibeba ujana wangu wote imekuwa utani wa karakana. Nikamwachia mlinzi chakula, nikarudi nyumbani.

Jioni nikamuuliza. Akashangaa kweli. "Mama watoto, tumeshazeeka, aibu ya nini tena? Si nimekupunguzia mzigo?"

"Haukuwa mzigo," nikasema. Akaendelea kula.

Dada yangu anasema, "Hajakuacha, anakulisha, na huyo binti anamwita mwanangu. Wivu wa nini?" Labda si wivu. Sijui hata niuite nini.

Mganga hajigangi, na miaka yote hii napikia kwenye jiko la saruji iliyomeguka. Juzi mume wangu akaja na picha, akaiweka mezani. "Jiko lako hilo. Nimekuchelewesha sana, nisamehe."

Nikaitazama. Makabati ya bluu iliyopauka, jiwe jeupe lenye mishipa ya kijivu, mwanga wa dirishani umelala juu ya sinki. Nikatafuta kosa, sikuliona. Ndizo rangi ambazo ningechagua mwenyewe.

"Kachagua yule binti," akasema. "Umelipenda?"

Nikasema nimelipenda. Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia.

Jumatatu mafundi wanakuja kubomoa. Yeye ana furaha kama mtoto, kila ndugu kampigia simu. Nikikataa, nitaonekana sina shukrani. Nikikubali, nitasimama mbele ya yale makabati kila siku mpaka nife, na hatajua kamwe alichoninyang'anya. Ndugu zangu, msiniambie nisali tu, kusali nimesali. Kabla ya Jumatatu nishaurini, nifanye nini?