Ukuta wa Dhahabu wa Filister

Habari hii hamtaiamini, na mimi sitawabembeleza. Mtu aliyekataa kuniamini niliposema nimevua mbuta mkubwa kuliko mlango wa kanisa, ataniamini vipi nikimwambia kwamba hapa Rodi Kopany, mbele kidogo ya soko, kuna mlima wenye dhahabu na reli ndani yake, na kwamba mlima huo umejengwa kwa magunia na mtoto wa kaka yangu? Kaeni na ubishi wenu. Mimi naandika.

Mtoto mwenyewe ni Filister Akoth wa Mbita. Mrefu, mkavu wa maneno, vidole vina rangi hata Jumapili. Tangu amalize shule kazi yake ilikuwa kupamba mashua. Ukifika ufuoni ukakuta mashua yenye samaki anayecheka na jina lililoandikwa kwa vivuli, hapo Filister amepita. Kipaji alikitoa upande wetu. Mama yake akichora kuku, unadhani ni jembe.

Sasa kuna bwana mmoja anaitwa Walter, mwenye bustani ya starehe pale Rodi: bembea, farasi wa kuzunguka, chipsi. Walter aliona zile mashua akamwita Filister. "Nataka sehemu mpya," akamwambia. "Watu wapande vigari vya reli, waingie ndani ya mlima kama machimbo ya dhahabu ya Macalder. Mtu akiingia asahau kama yuko Rodi."

Vigari na reli akampa Dishon, fundi wa kuchomelea kutoka Uriri, kijana mwenye misuli mingi na heshima kidogo. Mlima akampa Filister. Na kwa kuwa Walter ni mtu wa kupiga hesabu zake pembeni, alikuwa pia anaongea na mwenye lile kasri la plastiki la kupuliza hewa, ambalo watoto hurukaruka ndani. Machimbo yakishindwa kupendeza, yangevunjwa na kasri lipulizwe palepale. Filister arudi Mbita akapake mashua. Alikuwa amewaaga watu wote wa ufuoni kwa kelele nyingi. Kurudi kungekuwa aibu ya kutembea nayo kichwani.

Basi akaenda Macalder. Alikaa na wachimbaji, akashuka mashimoni, akarudi na udongo mwekundu kwenye mifuko na kikohozi kifuani. Alifunga nyavu za kuku kwenye mbao, akatandaza magunia yaliyolowa saruji, akapaka. Nawaambia, mwamba ule ulitoa jasho! Kulikuwa na akina mama wa saruji wameinama na makarai wakiosha mchanga, na maji ya kweli yakipita kwa mpira uliofichwa. Na kando yao ukuta wenye mshipa wa dhahabu, aliouunda kwa vipande vya chupa na rangi, kwa miezi mizima. Jua likipenya kwenye tundu la paa, mshipa unawaka. Mimi mwenyewe niliukwaruza kwa kucha, kuhakikisha tu.

Njia ya vigari aliitaka nyembamba. "Shimo la kweli linakubana," alisema. Dishon akalalamika, lakini akaweka magurudumu karibu karibu ili yapite. Wakajaza vigari magunia ya mchanga, wakavisukuma kwa mashine, vikateleza mpaka nje bila hata kukohoa. Dishon akajipiga kifua. Filister akatabasamu, jambo ambalo hutokea mwaka wa uchaguzi.

Jumamosi Walter akaalika akina mama wa kanisa wajaribu, wakiongozwa na Mama Emmaculate, ambaye ana mwili wa kutosha watu wawili na sauti ya watu sita. Mimi nilikaa nyuma yake, kwa sababu za usalama.

Tukaingia. "Yawa! Tazameni!" akapiga kelele Mama Emmaculate, na akina mama wote wakaegemea kushoto. Tulipofika kwenye kona, mahali penye wale waosha dhahabu, gurudumu likasaga reli, kigari kikaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Vilemba vikaenda. Goti la Mama Emmaculate likagonga bati. Tukatoka nje kila mtu ameshika shingo yake kama aliyeichukua kwa mkopo.

"Mmeonaje?" Walter akauliza.

"Niliona kilemba cha aliyekaa mbele yangu," akasema mama mmoja. "Kilikuwa puani."

Walter akatoa simu mfukoni. Filister akamshika mkono. "Nipe mpaka Jumamosi ijayo."

"Ijayo tu," akasema Walter. "Baada ya hapo, nampigia mtu wa kasri."

Hapo ndipo vita vilipoanza. "Hiyo ukuta yako itoke!" Dishon akafoka. "Umenibania njia. Magurudumu nikipanua yanagonga mwamba!"

"Punguza mwendo."

"Nipunguze iwe gari la maiti? Nani atalipia hiyo?"

"Na wewe unajua kuchomelea geti, si kubeba watu!"

"Na wewe unajua kupaka samaki meno!"

Niliwapatanisha kwa hekima yangu, yaani niliwaambia wote wawili hawajui kitu, wakanifukuza pamoja. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ushirikiano wao.

Filister akapanda kigari peke yake, mara nyingi, asione kosa. Mwishowe akaenda kumsihi Mama Emmaculate alete wenzake tena, Dishon aviendeshe vigari polepole. Yeye hakupanda. Alisimama ndani ya mlima upande wa kulia, ambako alikuwa amepaka rangi nyeusi tu, basi. Vigari vikapita mbele yake, na hakuona uso hata mmoja. Aliona migongo. Mgongo, mgongo, mgongo, yote imelalia kushoto.

Akatoka amekunja uso. "Dishon, njoo. Magunia ya mchanga hayana macho."

"Unasema nini?"

"Urembo wote nimeweka upande mmoja. Mashua ikivutwa mchangani, tunapamba ubavu unaotazama wanunuzi wa samaki. Ule mwingine unapakwa lami. Mkono wangu umezoea hivyo, na humu nimefanya vilevile. Watu wanaegemea kushoto, kona inapinda kulia, kigari kinainuka."

Dishon akachora kona mchangani kwa kidole cha mguu. "Wakiegemea ndani ya kona, kingetulia," akasema taratibu.

"Basi nitawapa cha kutazama ndani ya kona. Akina mama wa karai watahamia kulia."

"Magurudumu bado lazima nipanue. Kiganja kimoja kila upande."

Filister alielewa kiganja hicho kinatoka wapi. Alichukua panga, akaingia, akasimama mbele ya mshipa wake wa dhahabu. Dishon, aliyekuwa akiudai ukuta huo utoke tangu Jumamosi, akageuka akatazama mlango. Panga likapiga. Vipande vya chupa vikamwagika kama mahindi yanayopukuchuliwa. Baada ya mapigo machache Dishon akaokota nyundo, akaenda kusimama karibu naye, nao wakabomoa bila kutupiana neno.

Siku zilizobaki walifanya kazi kama watu waliofukuzwa nyumbani. Dishon akapanua ekseli, akaweka raba za matairi ya zamani chini ya viti, akaifunga mashine ipunguze mwendo kidogo kabla ya kona, isiwe maiti wala mbuzi. Filister akasaga vipande vya chupa vilivyobaki, akavipachika kwenye makarai ya wale akina mama. Mshipa haukuwako tena. Sasa dhahabu ilikuwa inaoshwa.

Jumamosi ikafika. Vigari vikaingia, macho yote kushoto, kwenye mashimo na taa za wachimbaji. Kisha kwenye kona maji yakasikika kulia, na kila kichwa kikageuka, na miili ikafuata vichwa. Kigari kikapita kona kikiwa kimetulia kama mtumbwi asubuhi. Hakuna aliyeshika shingo. Hakuna aliyepiga kelele, hata Mama Emmaculate, na hilo peke yake lingetosha kuandikwa. Kumbe yeye alizaliwa Macalder, na karai analijua. Alinyoosha mkono akamgusa mama wa saruji begani.

"Huyu anatikisa vibaya," akasema. "Lakini mchanga ndio ule ule." Tulipotoka nje hakushuka. "Turudisheni ndani!"

Sasa sikieni alivyofanya Walter. Alitupa simu yake kule kwenye majani. Akapiga magoti palepale kwenye kokoto, machozi yakimteremka mpaka kwenye soksi, akamshika Filister miguu mbele ya umati ulioanzia getini mpaka Rongo, akasema atamjengea nyumba ya ghorofa yenye—

"Baba mdogo, magoti gani?" akanikatiza Filister, akisoma juu ya bega langu. "Walter alikuwa amekaa kwenye kiti anakula ndizi. Alisema, 'Mtu wa kasri nimemwambia asije. Jumatatu uanze mlima wa pili, wewe na Dishon.' Futa hiyo ghorofa."