Makofi Niliyoyapiga Ukumbini

Jirani yangu hapa mtaani Majimbo, mwalimu mstaafu kama mimi, ndiye aliyeniambia kwamba katuni anayoipenda mjukuu wangu imegeuzwa filamu, yenye waigizaji wa kweli badala ya michoro.

"Mzee, hiyo filamu ni moto wa kuotea mbali!"

"Umeiona?"

"Bado. Lakini watu wanasema."

"Watu gani?"

Akacheka, akasema kwamba mimi husahihisha hata salamu. Nilikata tiketi mbili ili nikajionee mwenyewe.

Sikwenda kwa ajili ya starehe. Mjukuu wangu ana miaka minane. Mama yake, binti yangu, alikuwa karani huko Siakago, na alipofariki mtoto aliachwa kwa jirani siku ya maziko, akaambiwa kwamba mama amesafiri. Mimi nililijua jambo hilo baadaye. Kwa miezi mingi mtoto hakulia wala hakuuliza chochote. Kisha Jumamosi moja, katika ile katuni, mama wa yule msichana shujaa akafa. Hapakuwa na muziki. Msichana aliosha kikombe cha mama yake, akakifuta, akakirudisha rafuni. Basi. Mjukuu wangu alilia hadi akapitiwa na usingizi, na alipoamka aliniuliza mama amezikwa wapi. Nilimpeleka shambani kwetu Kianjokoma nikamwonyesha kaburi.

Ndiyo maana nilitaka kujua filamu hiyo itasema nini.

Nakiri kwamba sijapata kuona rangi kama zile. Milima ilielea, farasi walikimbia juu ya mvua, na kila unywele wa msichana ulimeta. Hata hivyo, kwa saa nzima hakuna aliyesema neno la kukumbukwa. Mama alipokufa, kikombe hakikuonekana kabisa. Mto wa dhahabu ulipasuka, mama akainuka kutoka majini akitabasamu, akamkumbatia mwanawe. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nilipotazama chini, niliona viganja vyangu vikigongana.

Tulipotoka nje, kwenye jua la alasiri, mjukuu wangu alinishika mkono.

"Kwa hivyo inawezekana," akasema.

"Nini?"

"Mama kurudi. Wewe hupigi makofi ovyo. Hata kanisani hupigi."

Miaka yote nimewadai watu ushahidi, na sasa mikono yangu mwenyewe ilikuwa imetoa ushahidi wa uongo mbele ya mtoto anayeniamini kuliko mtu yeyote. Filamu yenyewe ilikuwa tupu kama ngoma. Mimi ndiye niliyeijaza maana.

Nilichuchumaa, magoti yakalia, tukatazamana.

"Nilikosea," nikamwambia. "Nilipumbazwa na rangi. Mama yako harudi nyumbani."

Mjukuu huyu ana jina la marehemu mke wangu, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo ni mke kwa utani, tena ana ruhusa ya kunikaripia.

"Basi, mume wangu," akasema, "ungeikalia hiyo mikono."

Safari hii hakuwa akitania. Aliuachia mkono wangu, akatangulia kuelekea nyumbani, mabega yakimtikisika. Nilimfuata hatua chache nyuma, nikamwacha alie.